Chemirocha: Mshika breki wa Mississippi aliyegeuzwa nusu swara Kapkatet

MWAKA 1950, gari lililosheheni mitambo ya kunasa sauti lilifika Kapkatet, katika nchi ya majani chai iliyo kati ya miji ya Kericho na Bomet. Wasichana wa Kipsigis walisimama mbele ya maikrofoni, kinubi kikaanza kulia, nao wakaanza kumwimba mtu aliyeitwa Chemirocha.

Mtu huyo hakuwa wa ukoo wowote wa Kipsigis. Hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika, wala hakujua kwamba kuna mahali paitwapo Kapkatet. Isitoshe, wakati wasichana hao walipokuwa wakimwalika aje acheze nao, alikuwa ametimiza miaka 17 kaburini, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki.

Jina lake halisi lilikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani mweupe aliyewahi kuwa mshika breki wa garimoshi kabla ya kuwa mwimbaji. Kwao Marekani anaitwa baba wa muziki wa kantri, ule muziki ambao Wakenya wengi waliuzoea kupitia redio kwa sauti za akina Jim Reeves, Dolly Parton na Kenny Rogers. Kule Kapkatet alipewa cheo kingine kabisa: kiumbe nusu mtu, nusu swara.

James Charles Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897, katika eneo la Meridian, jimbo la Mississippi. Baba yake, Aaron, alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana, na tangu hapo Jimmie akawa wa kuhamishwa kutoka nyumba ya jamaa mmoja hadi nyingine, huku baba akifuata kazi kule reli ilikompeleka. Shule haikumshika. Akiwa kijana mdogo alikwishaanza kutoroka ili afuatane na wachezaji wa maonyesho ya barabarani, na baba yake akalazimika kumfuata na kumrudisha.

Njia pekee ya kumtuliza ilikuwa kumpa kazi relini. Alianza kwa kubeba maji ya kunywa ya vibarua waliokuwa wakitengeneza njia. Wengi wa vibarua hao walikuwa Waamerika weusi, wana na wajukuu wa watumwa, ambao walinyanyua mataruma na vyuma kwa kuimba ili mikono yote ivute kwa pamoja. Ni kwao kijana huyo alikojifunza nyimbo za kazi, nyimbo za huzuni zinazoitwa bluu, na namna ya kupiga banjo na gitaa. Ukweli huu una uzito katika kisa hiki, kwa kuwa muziki uliokuja kuwafikia Wakipsigis ukiwa umevaa sura ya Mzungu, sehemu yake kubwa ilikuwa imetoka kwa watu ambao mababu zao walichukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika.

Alipopanda cheo akawa mshika breki. Katika siku hizo kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Mtu alipanda juu ya mabehewa yanayokwenda na kuzungusha magurudumu ya breki kwa mikono, mvua inyeshe au barafu ianguke. Kazi ilikuwa ya msimu, mara ipo mara haipo, na katika vipindi vya ukosefu Rodgers alirudi kwenye gitaa lake.

Maisha ya nyumbani nayo hayakuwa na utulivu. Ndoa yake ya kwanza, aliyoifunga mwaka 1917, haikudumu. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kike, Anita. Binti wa pili, June, alifariki mwaka 1923 akiwa bado mchanga, wakati baba yake akihangaika mbali na nyumbani bila fedha.

Mwaka 1924 daktari akamweleza kwamba ana kifua kikuu. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya maradhi hayo. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyofaa, iligunduliwa mwaka 1943. Mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vizuri na atafute hewa safi. Rodgers, aliyekuwa na mke, mtoto na mifuko mitupu, hakuweza lolote kati ya hayo. Kazi ya reli ikawa inamshinda polepole. Ni ugonjwa uliomsukuma kwenye muziki kwa ukamilifu, maana kuimba ndiyo kazi pekee iliyobaki ambayo mwili wake ungeweza kuibeba, ingawa nayo ilitaka mapafu.

Alijiunga na maonyesho ya waganga wa barabarani, wale waliouza dawa za chupa kwa kuvutia watu kwa nyimbo na vichekesho. Humo, kama ilivyokuwa desturi ya waigizaji weupe wa zama hizo, alipata pia kujipaka masizi usoni ili aige watu weusi. Ni doa katika historia yake, na wanaoisimulia kwa haki hawalifichi: mtu aliyefunzwa muziki na vibarua weusi alishiriki mchezo uliowadhihaki.

Mwaka 1927 Rodgers alikuwa Asheville, jimbo la North Carolina, akiimba katika kituo cha redio cha huko pamoja na kundi dogo la vijana. Hapo ndipo waliposikia kwamba Ralph Peer, mtafuta vipaji wa kampuni ya santuri ya Victor, amefungua studio ya muda mjini Bristol, mji ambao barabara yake kuu imepita juu ya mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia. Wakafunga safari.

Usiku wa kuamkia siku ya kurekodi, kundi likavunjika kwa ugomvi kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri. Ugomvi wa jina kati ya wanamuziki si jambo geni. Hata bendi zetu za Afrika Mashariki zimegawanyika kwa sababu hiyo mara nyingi kupita kiasi. Rodgers aliingia studio peke yake hapo Agosti 4, 1927, akiwa na gitaa lake, akarekodi nyimbo mbili. Familia ya Carter, ambayo nayo ilikuja kuwa nguzo ya muziki wa kantri, ilirekodi katika studio hiyo hiyo siku chache tu kabla yake.

Santuri hiyo ya kwanza haikuvuma sana. Wengine wangesubiri barua ya kampuni. Rodgers alijipeleka mwenyewe mashariki, akamtafuta Peer na kudai nafasi nyingine. Novemba 30, 1927, mjini Camden, jimbo la New Jersey, alirekodi wimbo uliokuja kujulikana kama Blue Yodel, ambao wengi wanaufahamu pia kwa jina la T for Texas.

Wimbo huo ulifuata muundo wa bluu za watu weusi, lakini mwisho wa kila ubeti sauti ilivunjika ghafla, ikaruka kutoka kifuani hadi kooni juu, ikapanda na kushuka kama mtu anayeita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Mtindo huo wa yodeli ulihusishwa zaidi na wachungaji wa milima ya Ulaya na ulikuwa umeimbwa na wengine Marekani kabla yake. Alichofanya Rodgers ni kuuoanisha na huzuni ya bluu, na mchanganyiko huo ukawashika watu. Santuri iliuzwa kwa laki nyingi za nakala, na kampuni ikamtaka atoe nyingine na nyingine. Hatimaye zikatimia Blue Yodel 13.

Kwa miaka michache iliyofuata, mshika breki wa jana akawa mwenye fedha. Alinunua magari, akavaa nguo za bei, akagawa fedha kwa jamaa na kwa watu asiowajua. Mwaka 1929 alijenga nyumba kubwa mjini Kerrville, Texas, kwa gharama iliyokaribia Dola 50,000, akitumaini kwamba hewa kavu ya huko ingemsaidia kifua. Mwaka huo huo alionekana katika filamu fupi, amevaa mavazi ya mfanyakazi wa reli.

Julai 1930, mjini Los Angeles, alirekodi Blue Yodel ya tisa. Aliyepuliza tarumbeta katika wimbo huo ni Louis Armstrong, na aliyepiga piano ni Lil Hardin, mke wa Armstrong wakati huo. Majina yao hayakuandikwa kwenye santuri. Katika Marekani iliyotenganisha watu kwa rangi hata kwenye mabomba ya maji ya kunywa, mzungu kutoka Mississippi kurekodi na mpiga tarumbeta mweusi kutoka New Orleans lilikuwa jambo la nadra.

Lakini kifua hakikumsamehe. Mwaka 1931 alirekodi wimbo kuhusu kifua kikuu chenyewe, akiutaja ugonjwa huo kwa jina lake wakati ambapo wagonjwa wengi waliuficha kama aibu. Mtikisiko wa uchumi wa dunia ulipunguza mauzo ya santuri, matibabu yakala akiba, na ile nyumba ya Kerrville ikauzwa.

Mei 1933 alisafiri hadi New York kurekodi kwa mara ya mwisho, akijua wazi kwamba familia yake ingehitaji malipo hayo. Studio iliwekewa kitanda kidogo ili ajilaze kati ya wimbo mmoja na mwingine, naye muuguzi alikuwa karibu. Alirekodi nyimbo zaidi ya kumi kwa namna hiyo. Kazi ilimalizika Mei 24. Siku iliyofuata alitoka kwenda kutembea ufukweni Coney Island, akazidiwa, na alfajiri ya Mei 26 akafariki katika hoteli ya Taft kwa kutokwa na damu mapafuni. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa garimoshi. Husimuliwa kwamba lilipokaribia mji, dereva aliivuta filimbi kwa sauti ya chini iliyoendelea bila kukatika hadi lilipoingia stesheni.

Maisha ya mwili yaliishia hapo. Yale mengine yalikuwa yamekwishaanza safari.

Katika miaka hiyo ya 1920 na 1930 gramafoni, ile ya kuzungushwa kwa mkono na isiyohitaji umeme, ilikuwa ikisambaa kwa kasi katika makoloni. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zao zikauzwa pwani nzima na bara. Kampuni hiyo ilikuwa na uhusiano wa kibiashara na Victor ya Marekani, na nyimbo za Rodgers zilichapishwa pia Uingereza na India. Kusini mwa Afrika, wanamuziki weusi walianza kurekodi yodeli kwa lugha zao mapema katika miaka ya 1930, jambo linaloonyesha jinsi santuri hizo zilivyokuwa zimefika mbali.

Nchi ya Wakipsigis, ambayo maofisa wa serikali ya kikoloni waliiita Lumbwa, ilikuwa na milango kadhaa ya kuingilia. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, ikipitia stesheni ya Lumbwa, leo Kipkelion, na Fort Ternan. Kupitia njia hiyo walikuja walowezi na mizigo yao. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kilimo kikubwa cha chai Kericho katika miaka ya 1920, katika nyanda ambazo Wakipsigis walizihesabu kuwa malisho yao. Kulikuwa na nyumba za mameneja juu ya vilima na laini za vibarua bondeni; kulikuwa na vituo vya misheni; na baadaye kulikuwa na askari waliorudi kutoka vita vya pili vya dunia na vitu walivyovipata huko. Nyimbo za mfanyakazi wa reli, zilizosifu garimoshi na kulia juu ya safari, zikasafirishwa hadi milimani na reli nyingine.

Hazikuwa zama za raha. Mwaka 1934, mwaka mmoja tu baada ya Rodgers kuzikwa, serikali ya kikoloni iliuhamisha kwa nguvu ukoo wa Talai, ukoo wa waonaji wa Wakipsigis, hadi Gwassi kando ya Ziwa Victoria, ukiogopwa kwa uwezo wake wa kuwaunganisha watu. Walibaki huko hadi karibu na uhuru. Huku watu wakiondolewa mashambani, sanduku lililoongea lilikuwa likiingia.

Mtu anayesikia gramafoni kwa mara ya kwanza ana maswali ya haki. Sauti ipo, mwimbaji hayupo. Na sauti yenyewe, katika kisa cha Rodgers, haikutulia kama ya mtu wa kawaida; iliruka, ikavunjika, ikalia kama ya mnyama kisha ikarudi kuwa ya binadamu. Haishangazi kwamba wasikilizaji wa Kericho walijiuliza ni kiumbe wa aina gani anayeweza kutoa sauti mbili kutoka koo moja.

Jina nalo lilijipatanisha na lugha. Kikipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, hakitenganishi sauti ya j na ile ya ch. Jimmie akawa Chemi, Rodgers akawa rocha, na matokeo yake yakasikika kama jina la nyumbani, kwa sababu majina mengi ya Kikalenjin huanza na Che: Chebet, Chelangat, Chepkemoi. Mgeni alipata jina bila kufanyiwa sherehe yoyote.

Katika hadithi za Wanandi, jirani na ndugu wa Wakipsigis, yupo zimwi aitwaye Chemosit. Maelezo yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 yanamtaja kuwa nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Huketi kichakani gizani akiimba, na wanawake na watoto wakidhani kuna ngoma humfuata, asiwarudishe tena. Hakuna anayeweza kuapa kwamba zimwi huyo ndiye aliyemzaa Chemirocha. Hata hivyo, kwa watu waliokwisha kusikia habari za kiumbe asiye mtu kamili anayewavuta watu kwa wimbo kutoka mahali pasipoonekana, gramafoni haikuwa na haja ya kujieleza sana. Tofauti ni kwamba Chemirocha hakutisha. Alialikwa.

Aliyekuja na gari la mitambo mwaka 1950 ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa Devon mwaka 1903 na kuhamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana. Huko alivutiwa na nyimbo za Washona aliofanya nao kazi shambani, na akatumia maisha yake kurekodi muziki wa Afrika kutoka kusini hadi ikweta. Ndiye aliyekutana na Mwenda Jean Bosco barabarani mjini Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952, na kuutangazia ulimwengu wimbo wa Masanga. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, Afrika Kusini.

Kapkatet ilimpa Tracey zaidi ya wimbo mmoja wenye jina hilo. Alirekodi wanaume waliomwimba Chemirocha kwa kinubi cha Kipsigis kiitwacho chepkong, akazipa rekodi zao namba. Ile ya tatu, ya wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, ndiyo iliyoshinda zote. Ni wimbo mfupi. Kinubi kinarudia mzunguko wake bila haraka, sauti ya msichana mmoja inatangulia, nyingine zinaipokea kwa upole, na kila mara jina linatajwa, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto.

Katika maelezo yake, Tracey aliandika kwamba mwimbaji wa Kimarekani alikuwa amegeuka kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swara, na kwamba wasichana walikuwa wakimhimiza acheze ile ngoma ya kurukaruka ya Kipsigis kwa nguvu hadi avuke nje ya nguo zake. Wapo waliokisoma kisa hiki kama kichekesho cha watu wa kijijini waliodanganyika na mashine. Tafsiri hiyo inawaonea wasichana hao. Wimbo wenyewe umejaa utani, na mtaniwaji ni yule mgeni; anayevuliwa nguo si mwenyeji. Katika wilaya iliyozoea kuamriwa na Wazungu ihame, ilime na ilipe kodi, hapa palikuwa na Mzungu mmoja aliyeamriwa na wasichana aruke.

Rekodi hiyo iliingia katika mfululizo wa santuri za Tracey, ikavuka bahari, na miongo kadhaa baadaye ikawa inasambazwa tena kwa kaseti, kwa diski na kwa intaneti. Watu wengi wa Ulaya na Marekani wasiojua Kericho iko wapi wanalijua jina Chemirocha. Wengine walilisikia kabla hata ya kumsikia Rodgers mwenyewe.

Huku nyumbani, muziki wa Rodgers ulipita na kuacha watoto. Mji wa Kericho ulikuja kuwa na duka na studio ya Chandarana, ambayo santuri zake ndogo za nyimbo za Kikalenjin, Kijaluo na lugha nyingine zilipigwa katika baa na maduka ya magharibi mwa Kenya kabla disko na kaseti hazijazifunika. Gitaa lilichukua mahali pa kinubi katika bendi nyingi za Kipsigis. Na nyimbo za kantri, zile za kulia juu ya safari, mama na nyumba iliyoachwa, ziliendelea kupendwa katika nyanda za juu za Kenya kwa kiwango kinachowashangaza Wamarekani wanaozuru huko.

Kwao, Rodgers alilipwa heshima zote. Mei 26, 1953, miaka ishirini kamili baada ya kifo chake, Meridian ilimzindulia mnara wa kumbukumbu na kuuwekea injini ya garimoshi la mvuke. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watu watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Umaarufu la Muziki wa Kantri, pamoja na Hank Williams na Fred Rose. Mwaka 1978 serikali ya Marekani ilitoa stempu ya posta yenye picha yake. Mjane wake, Carrie, alikwisha kuandika kitabu juu ya maisha yao mwaka 1935, na gitaa la mumewe akampa Ernest Tubb, mwimbaji kijana ambaye naye alikuja kuwa nyota.

Wasichana wa Kapkatet hawakupata mnara. Kwenye lebo liliandikwa jina la kiongozi wao. Waliobaki wakaitwa tu wasichana wa Kipsigis, na wimbo ukazunguka dunia ukiwa na jina la mtu aliyeimbwa kuliko majina ya walioimba.

Tracey alifariki mwaka 1977, na maktaba yake ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes katika mji wa Grahamstown, ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda. Ni kutoka huko, chini ya mradi wa kurudisha rekodi za zamani kwa wenyewe, ambapo nyimbo za mwaka 1950 zilirejeshwa katika nchi ya Wakipsigis kwa ushirikiano na shirika la Ketebul Music la Nairobi. Habari za kurudi kwake zilitangazwa kimataifa mwaka 2015, miaka 65 baada ya lile gari kuondoka.

Baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai, umri wao ukikaribia miaka tisini. Walipigiwa sauti zao wenyewe za ujanani, safari hii kutoka kwenye diski isiyohitaji kuzungushwa kwa mkono, wakizungukwa na vijana wengi ambao jina la Jimmie Rodgers halikuwaambia chochote, lakini la Chemirocha walikwisha kulisikia kwa bibi zao.